Hospitali ya vijijini inapopanua tiba ya saratani, nani hasa anafaidika?

Habari ikitoka kwamba hospitali fulani ya vijijini itapanua huduma za saratani, swali la kwanza huwa lilelile: mashine ya mionzi inakuja lini? Hotuba za uzinduzi huzungumzia mashine, picha hupigwa mbele ya mashine, na jengo likikamilika bila mashine watu huona wamepigwa changa la macho. Nionavyo, swali hilo limeanzia mwisho. Mgonjwa wa saratani anayeishi mbali na mji mara nyingi huangushwa na wingi wa safari kabla hata ya kuangushwa na ukosefu wa vifaa. Matibabu ya ugonjwa huu ni nenda rudi ya miezi, wakati mwingine miaka. Hospitali ya karibu inaweza kuipunguza nenda rudi hiyo hata kama haina mashine moja ya mionzi.

Tuchukue saratani ya matiti, inayoongoza kwa kuwapata wanawake duniani. Utaratibu mmoja unaotumika sana wa dawa za kemo una mizunguko 8: minne ya dawa mbili zinazotolewa pamoja, kisha minne ya dawa nyingine. Ukipangwa kila baada ya wiki 3, unachukua karibu miezi 6. Sasa, mizunguko 8 haina maana ya safari 8. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na uboho wa mifupa, unaotengeneza chembe za damu, umo katika kundi hilo. Kwa hiyo kabla ya kila mzunguko damu hupimwa, na chembe nyeupe zikikutwa chini, dawa haitolewi. Mgonjwa huambiwa arudi baada ya wiki moja. Anayekaa mtaa wa pili ataguna na kurudi kwake. Aliyekopa nauli, akaacha watoto kwa jirani na kulala njiani, anaambiwa maneno hayohayo. Ya pili au ya tatu ikitokea hivyo, harudi tena.

Hapo sijagusa siku ya kuchukua kinyama (kipande kidogo cha uvimbe kinachokatwa ili kipimwe), siku ya kufuata majibu, upasuaji, wiki za mionzi, wala vidonge vya kuzuia homoni ambavyo baadhi ya wagonjwa humeza kila siku kwa miaka 5 hadi 10.

Saratani ya shingo ya kizazi ina ratiba kali zaidi. Ikiwa imeshasambaa kidogo kiasi kwamba upasuaji haufai, mgonjwa hupewa mionzi ya nje kama mara 25, siku 5 kwa wiki, pamoja na dripu ya dawa ya kemo mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huingizwa mwilini karibu na uvimbe. Wataalamu hutaka yote yaishe ndani ya siku 56. Seli zilizonusurika huanza kuongezeka upya kati ya dozi na dozi, hivyo siku zinazopotea katikati hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa, na hazirudishwi kwa kuongeza siku mwishoni.

Kwa watoto pengo ni la kusikitisha. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona ni chini ya asilimia 30. Sababu ni nyingi: ugonjwa kutotambuliwa, kutambuliwa vibaya au kwa kuchelewa, dawa kukosekana, na mtoto kufa kwa makali ya dawa zenyewe. Moja ya sababu hizo ni matibabu kuachwa katikati. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2018 lengo la kufikisha walau asilimia 60 ifikapo 2030, na sioni namna ya kulifikia lengo hilo iwapo kila dozi ya kila mtoto itatolewa mji mkuu.

Kipi kishuke, kipi kibaki

Tunapotamka “tiba ya saratani” tunafunga katika furushi moja mambo ambayo hayahitaji kukaa pamoja. Zipo hatua zinazohitaji bingwa adimu mara moja: kuamua ni saratani gani, imefika hatua gani, itibiwe kwa mpangilio upi. Zipo nyingine zinazohitaji muuguzi aliyefundishwa vizuri, tena mara kumi, ishirini, thelathini. Upanuzi wenye akili huziacha za kwanza kwenye hospitali kubwa na kuzishusha za pili. Mtu anaweza kuvumilia safari ndefu ya mara moja. Safari ya kila wiki ndiyo inayomaliza akiba ya nyumba.

Mpango huu umeshajaribiwa. Katika jimbo la Queensland, Australia, kituo cha saratani cha Townsville kilianza mwaka 2007 kuwahudumia kwa video wagonjwa wa miji ya mbali kama Mount Isa, iliyo karibu kilomita 900. Baadaye wauguzi wa hospitali za vijijini walianza kutoa aina fulani za dawa za kemo wenyewe, huku bingwa na wauguzi wenye uzoefu wakifuatilia kwa video kutoka Townsville. Bingwa hakuhama, dawa ndiyo iliyosafiri.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Butaro, kaskazini mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Uganda. Kituo cha saratani kilifunguliwa katika hospitali hiyo ya vijijini Julai 2012, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health. Miaka ya mwanzo hakikuwa na bingwa wa saratani anayekaa hapo. Madaktari wa magonjwa ya ndani na wa watoto walifuata miongozo iliyoandikwa hatua kwa hatua, na kesi ngumu walizijadili na mabingwa walioko Boston, Marekani, ambako hata vinyama vya mwanzo vilipelekwa kusomwa. Wengi wangesema hospitali ya namna hiyo isubiri kwanza ipate mabingwa. Ingesubiri, wagonjwa wake wa miaka hiyo wangebaki na chaguo gani?

Kinyama chenyewe kinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo vijijini hupoteza wagonjwa bila mtu yeyote kujua. Kikishakatwa huanza kuharibika palepale. Kinatakiwa kitumbukizwe kwenye fomalini, kimiminika cha kukihifadhi, ndani ya saa moja, fomalini iwe nyingi mara kadhaa kuliko kinyama, na kama ni cha titi kitakachopimwa vipokezi vya homoni (sehemu za seli ambazo homoni hujishikiza), kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Sasa fikiria kichupa kinachosubiri gari la kwenda mjini, na gari linakwenda mara mbili kwa mwezi. Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba vipokezi havipo wakati vipo, na mwanamke akanyimwa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni ambacho kingemsaidia. Hakuna aliyekosea kwa makusudi, na faili lake litaonyesha alipimwa ipasavyo.

Hospitali ikiwa na fundi wa maabara anayeweza kukikausha kinyama na kukigandisha kwenye kipande cha nta, tatizo hilo linakwisha. Kipande cha nta hakina haraka. Kinaweza kusafirishwa wakati wowote, au kikakatwa hapohapo na picha zake zikatumwa kwa mtaalamu wa patholojia, yaani msomaji wa vinyama, aliye mbali. Chumba kimoja na fundi mmoja au wawili: hakuna kiongozi atakayekata utepe kwa ajili yao, lakini mimi ningeanza nao.

Homa ya siku ya kumi

Ukiniuliza ni faida ipi moja inayotosha kuhalalisha upanuzi wote, nitakujibu kwamba ni homa.

Chembe nyeupe za damu hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa za kemo. Wakati huo mgonjwa hayuko mjini, amesharudi nyumbani. Akipata maambukizi, mwili hauna askari wa kupigana nayo. Isitoshe, dalili nyingine hazionekani, maana usaha na uvimbe vyenyewe hutokana kwa kiasi kikubwa na chembe hizo. Kinachobaki ni homa tu. Nyuzi joto 38 kwa mtu huyu, akiwa na nutrofili (chembe nyeupe zinazotangulia kupigana na maambukizi) chini ya 500 katika maikrolita moja ya damu, ni dharura: antibaiotiki ya mshipani inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu afike hospitalini.

Kwa vyovyote vile atapelekwa hospitali iliyo karibu, iwe inatibu saratani au haitibu. Tofauti iko kwenye watakaompokea. Pasipo mafunzo, atapanga foleni kama wengine, apewe dawa ya kushusha homa, aambiwe akizidiwa arudi kesho. Hospitali yenye kitengo cha kemo humpa mgonjwa kadi inayoeleza dawa anazotumia na tarehe ya dozi ya mwisho, na muuguzi wa mapokezi anajua kwamba mwenye kadi hiyo hapangi foleni.

Na mionzi je?

Haikwepeki. Takriban nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji mionzi wakati fulani. Lakini chumba cha mashine hiyo hujengwa kwa kuta za zege zenye unene wa mita moja na nusu na zaidi. Kinahitaji umeme usioyumba, mtaalamu wa fizikia ya tiba, mafundi wa mionzi na mkataba wa matengenezo unaolipwa kila mwaka. Mashine ya kobalti, inayopata mionzi yake kutoka kwenye madini yenye mionzi, haisumbuki sana na umeme, ila chanzo chake hupungua nguvu hadi nusu kila baada ya miaka 5 na kidogo, kwa hiyo mgonjwa hulala muda mrefu zaidi chini yake na mwishowe chanzo lazima kibadilishwe.

Mashine moja peke yake pia ni hatari ya aina yake. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago jijini Kampala tangu 1995, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Mpya ilizinduliwa mapema 2018. Katikati hapo, wenye saratani inayohitaji mionzi ilibidi watafutiwe nafasi nje ya nchi au waikose. Hiyo ilikuwa hospitali ya taifa. Hospitali ndogo ya vijijini ikipewa mashine moja bila fundi wa karibu, sidhani itakuwa na bahati zaidi.

Kilichowasaidia watu wa mbali katika mionzi kimetoka kwingine. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 4,096 wa saratani ya matiti ya hatua za awali. Walinganisha dozi 15 kwa wiki 3 na dozi 5 kwa wiki moja. Baada ya miaka 5, wiki moja haikuwa duni katika kuzuia ugonjwa kurudi. Kwa anayetoka mbali, maana yake ni wiki mbili pungufu za kupanga chumba na kula mjini. Si kila saratani wala kila mgonjwa anafaa kwa ratiba hiyo fupi, na inahitaji upangaji makini wa dozi. Hata hivyo kazi ya hospitali ya vijijini inaonekana wazi: kumwandaa mgonjwa, kumpeleka vipimo vyote vikiwa mkononi ili asikae mjini akisubiri karatasi, na kumpokea akirudi na ngozi iliyoungua.

Wasio na saratani nao wanafaidika

Sehemu hii husahaulika kwenye bajeti, kwa kuwa haina safu ya kuiandikia. Dawa za kemo hushusha damu, kwa hiyo hospitali inayozitoa inalazimika kuwa na akiba ya damu inayoaminika. Damu hiyohiyo humwokoa mama anayevuja baada ya kujifungua usiku wa manane. Maabara ya vinyama iliyojengwa kwa ajili ya saratani ndiyo itakayotofautisha kifua kikuu cha tezi na saratani ya tezi, magonjwa mawili yanayofanana kwa nje hadi mtu anaweza kumezeshwa dawa za kifua kikuu kwa miezi huku saratani ikiendelea kutamba.

Kuna mofini pia. Mofini ya maji ni dawa rahisi kutengeneza, na kwa maumivu makali ya saratani hakuna cha kuifikia kwa bei hiyo. Kinachoizuia vijijini ni hofu na sheria: mara nyingi daktari pekee ndiye mwenye ruhusa ya kuiandika, na daktari hayupo. Uganda ililegeza hilo mwaka 2004 kwa kuwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hospitali ikishazoea kuitunza, kuihesabu na kuitoa, aliyeungua moto, aliyevunjika paja na mwenye selimundu aliyezidiwa wote wanapata nafuu ambayo jana haikuwepo.

Faida nyingine ni ya imani. Tumezoea kusema watu wa vijijini huchelewa kwa sababu ya ujinga na waganga wa kienyeji. Wapo wanaochelewa kwa sababu hizo. Wengine wamechelewa kwa sababu wamefanya hesabu. Kama kila waliyemjua kwenda mjini na uvimbe alirudi kwenye jeneza, na familia ikauza shamba, basi kukaa nyumbani si uamuzi wa kipumbavu. Hotuba haibadilishi hesabu hiyo. Inabadilishwa na mtu wanayemfahamu kwa jina aliyetibiwa palepale hospitalini, nywele zikaota upya, na sasa yuko sokoni.

Hapo ndipo uchunguzi wa mapema unapopata maana. Mkakati wa dunia wa kutokomeza saratani ya shingo ya kizazi, uliopitishwa mwaka 2020, una namba tatu za kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, kabla hawajatimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Mbili za mwanzo zinaweza kufikiwa kwa kampeni na magari. Ya tatu haiwezekani bila mahali pa kutibiwa. Mabadiliko ambayo bado hayajawa saratani yanaweza kuunguzwa siku ileile kwa kifaa kidogo cha joto kinachoshikwa mkononi. Yakishakuwa saratani, inahitajika hospitali. Kumpima mwanamke, kumwambia ana tatizo, kisha kumwachia barua ya rufaa asiyo na nauli ya kuitumia ni ukatili, hata ukifanywa kwa nia njema.

Tukija kwenye pesa, napendekeza tahadhari. Hupenda kusemwa kwamba upanuzi wa hospitali “utakuza uchumi wa eneo”. Utakuza kidogo: ajira za wauguzi, wafamasia, wafanya usafi, vyumba vya kupangisha. Faida kubwa ni ya hasara iliyoepukwa. Utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 9,000 katika nchi 8 za Kusini Mashariki mwa Asia, uliochapishwa 2015, ulikuta kwamba mwaka mmoja baada ya kugundulika asilimia 29 walikuwa wamefariki na asilimia 48 walikuwa wametumia kwenye matibabu walau asilimia 30 ya kipato cha mwaka cha kaya. Hapo siku za kazi alizopoteza anayemuuguza hazimo. Kwa kila mgonjwa anayelazwa mbali kuna mwingine anayekaa naye, na mara nyingi huyo ni binti aliyeachishwa masomo au mama aliyefunga biashara yake.

Upanuzi unavyoweza kudhuru

Kuanza vibaya kunaweza kuwa kubaya kuliko kutoanza. Dawa za kemo zikikatika baada ya mzunguko wa tatu, mgonjwa amepata sumu yote na nusu ya tiba. Zikichanganywa kwenye meza ya kawaida badala ya kabati maalumu linalovuta hewa, muuguzi anazivuta yeye siku nzima, mwaka mzima. Mkojo wa mgonjwa hubeba mabaki ya dawa kwa takriban siku mbili, hivyo anayesafisha choo naye anahitaji glovu na maelekezo. Upo pia upasuaji ambao haufai kushushwa kabisa: wa kongosho na wa umio hufanikiwa zaidi mikononi mwa wanaoufanya kila mara, na hospitali inayopata mgonjwa mmoja kwa mwaka imsafirishe bila kuona aibu.

Udhaifu ninaouogopa zaidi ni wa kitengo kizima kubebwa na mtu mmoja. Muuguzi mmoja anapelekwa mafunzoni, anarudi, anaanzisha huduma, inasifiwa, kisha anapata kazi mjini yenye mshahara mzuri. Mlango unafungwa wagonjwa wakiwa katikati ya mizunguko. Wafundishwe watatu au wanne kwa wakati mmoja, hata kama huduma itaanza kwa kuchelewa.

Kwa hiyo mkutano wa wananchi ukiitishwa kujadili upanuzi, mwenye nafasi ya kuuliza asiishie kwenye tarehe ya mashine. Aulize dawa zimelipiwa kwa miezi mingapi mbele. Aulize ni nani atapokea simu saa nane usiku mgonjwa akipata homa. Aulize pia: kati ya walioanza matibabu mwaka jana, wangapi waliyamaliza kwa wakati, na waliobaki wako wapi? Jibu la swali hilo la mwisho hutoka kwenye daftari lenye jina, tarehe ya dozi inayofuata na namba ya simu, pamoja na karani mmoja wa kuwapigia waliopitwa na tarehe. Daftari hilo linaweza kufunguliwa wiki ijayo, wakati mchoro wa jengo bado unapitishwa ofisi kwa ofisi.